Kumkubalia Waya

Hata baada ya Waya kuzikwa, jina lake ndilo lililomsalimu Seremala kila asubuhi kazini. Aliwasha kompyuta, akasubiri feni yake imalize kukohoa, na pale juu ya skrini, ndani ya kisanduku cha kijivu, maneno yakajitokeza: Waya anapendekeza badiliko. Chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa.

Waya lilikuwa jina la utani. Mtu mwembamba, mwenye mishipa iliyotokeza shingoni, aliyeshinda katikati ya nyaya tangu ujana. Angeitwa nini tena? Alikuwa mchoraji wa bodi za saketi, vile vibao vya kijani vyenye njia za umeme ambavyo hukaa tumboni mwa redio, simu na mizani. Na Seremala naye hakuwa seremala. Alichora makasha ya plastiki, maganda ya vifaa hivyo, yanayoshikwa kila siku na watu wasioyatazama. Zamani aliwahi kuchora makabati na vitanda. Waya alipolijua hilo, hakumwita jina jingine mpaka anaingia kaburini.

Karakana yao ilikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana, korido katikati. Upande mmoja chumba cha umeme, chenye harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Upande wa pili chumba cha makasha, chenye vumbi jeupe la plastiki lililokaa juu ya kila kitu, hata kwenye nyusi za Seremala, akaonekana mzee kabla ya wakati wake.

Enzi za mwanzo programu zao mbili hazikujuana. Ya Waya ilijua umeme upite wapi na usipite wapi. Ya Seremala ilijua kuta, nguzo na skrubu. Kilichovuka korido kilikuwa flashi yenye uzi mwekundu, na ndani ya flashi mlikuwa na umbo la bodi tu, bapa kama kivuli. Urefu wa vitu vilivyosimama juu yake haukuwemo. Basi Seremala alikata bodi ya bandia kwa katoni, akabandika vipande vya raba mahali pa kila kifaa, akafunika kasha kuona kama mfuniko unakaa. Mara nyingi haukukaa. Hapo ndipo alipovuka korido na kusimama mlangoni pa mwenzake, mkono kiunoni.

"Bibi harusi wako kanenepa tena."

"Hajanenepa. Hiyo nyumba yako ndiyo nini? Banda la kuku lina dari ndefu kuliko hiyo."

"Mvue viatu basi."

"Nikitoa kapasita umeme utakaa wapi? Mfukoni mwako?"

"Weka. Mfukoni mwangu nafasi ni tele, hamna kitu."

Wakacheka, kisha wakagombana kwelikweli, mlango ukabamizwa, na kesho yake bodi ikaja ikiwa imepungua pembeni au dari ikawa imepanda kidogo. Hivyo ndivyo vitu vyao vyote vilivyozaliwa. Hakuna hata kimoja kilichotoka bila mtu kununa.

Meneja, mwanamke aliyeianzisha karakana ile kwa meza mbili na kopo la skrubu, alichoka kusikia mlango ukibamizwa. Akanunua kiunganishi, programu ya tatu ya kuziunganisha zile mbili zizungumze zenyewe. Kazi ya kuiweka sawa akawapa haohao wagomvi.

Iliwachukua msimu mzima. Waya alikuwa akipima kuanzia kona ya bodi. Seremala alipima kuanzia katikati ya nguzo ya kwanza ya kasha. Siku ya kwanza walipotuma, bodi ilitokea nje kabisa ya kasha, inaelea hewani, miguu juu.

"Bibi harusi karudi kwao," alisema Seremala.

"Kaona nyumba, kakimbia."

Wakakubaliana sifuri iwe moja kwa wote wawili. Wakakubaliana lipi ni tumbo la bodi na lipi mgongo. Wakakaa bega kwa bega, wakaingiza urefu wa kila kifaa kwenye orodha ya programu, kimoja baada ya kingine, Waya akipima kwa kalipa na kutaja, Seremala akiandika. Mwishoni ikawa Waya akisogeza soketi chumbani kwake, kwa Seremala inatokea kivuli cha rangi ya chungwa mahali soketi inapotaka kwenda, na swali: Kubali au Kataa? Ukikataa, programu inataka sababu. Waya, alipojiandikisha, kwa utani aliandika jina la mtaani badala ya lile la kadi ya kazi. Na sababu nazo zikawa uwanja wa utani. Nimekataa, apunguze wanga. Nimekataa, hapo ni chumba cha wakwe. Mlango haukubamizwa tena, ila ugomvi uliendelea kwa maandishi, na kicheko cha Waya kilivuka korido chenyewe bila flashi.

Kifaa walichokianza mwisho kilitoka moyoni mwa Waya. Aliwahi kumuuguza mama yake wodini, na alasiri moja alisinzia kwenye kiti; alipozinduka, chupa ya dripu ilikuwa tupu na damu ya mama imeanza kupanda kwenye mrija. Mama alipona. Yeye hakupona ile picha. Akabuni kengele ndogo ya kuning'iniza kwenye mrija wa dripu, ilie maji yakikaribia kwisha. Hospitali moja ilikuwa inajenga wodi mpya, ikasema italichukua fungu zima kengele zikiwa tayari kabla wodi hazijafunguliwa. Meneja aliweka kazi nyingine zote kando. Karakana nzima ikaegemea kengele ile.

Halafu Waya akaanguka bafuni asubuhi, sabuni bado mkononi, na hakuamka.

Seremala alibeba jeneza upande wa kichwani. Hakulia. Aliporudi kazini aliomba kitu kimoja, na alimwomba Meneja akiwa amesimama, kofia mkononi: bodi ya Waya isibadilishwe na nyingine, imaliziwe ileile. Alitaka kuiona imefungwa ndani ya kasha, inaning'inia wodini, inalia juu ya mgonjwa aliyelala. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kitu kingine pale karakana. Meneja alikubali. Akamwajiri binti aliyetoka chuoni amalizie upande wa umeme, na wote wakamwita Mgeni.

Sasa, leseni ya programu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Waya, na ilikuwa bado hai kwa mwaka huo. Kuibadilisha ni gharama. Meneja akamwambia Mgeni atumie hiyohiyo kwanza. Ndiyo maana Mgeni aliposogeza kitu chumbani kwake, kwenye skrini ya Seremala ilikuwa bado ni Waya anayependekeza.

Pendekezo la kwanza lilikuwa dogo: soketi ya betri isogee kushoto kidogo. Ilikuwa inagusa ukuta. Zamani Seremala angekataa hata kabla hajakaa vizuri kitini. Akapeleka mshale kwenye Kataa, akabofya, na kisanduku kikafunguka: Andika sababu ya kumkatalia Waya.

Aliyatazama maneno yale. Vidole vilikuwa juu ya herufi na hakuna hata moja iliyokubali kubonyezwa. Nje mtu alikuwa akiburuta kreti za chupa tupu kwenye lami. Seremala akafunga kisanduku, akarudi nyuma, akabofya Kubali. Kisha akaukata ukuta wa kasha kwa ndani, ukawa mwembamba pale, soketi ikapata nafasi.

Akajua amefanya nini. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba anayetuma ni binti wa watu mwenye miwani, anayekula karanga ng'ambo ya korido. Lakini jina lilikuwa lile, limeandikwa na mkono uleule kwa utani uleule, na mtu mwenye jina lile alikuwa anamwomba kitu. Alimkatalia maisha yake yote. Alimkatalia hata wiki ya mwisho, kwa neno baya kidogo. Amkatalie na huko aliko?

Basi akawa anakubali. Nafasi ya skrubu isogee: kubali, nguzo ikahama. Kapasita ipande: kubali, dari ikakwanguliwa. Kila alipobofya Kubali alihisi kitu kinamlegea kifuani, na kila alipomaliza kuipinda nyumba ili imtoshe bibi harusi, kilikaza tena. Mkewe alimwona anarudi nyumbani mapema, mpole, anasema kazi haina shida. Hilo lilimtia mke wasiwasi kuliko kununa kwake kote kwa zamani.

"Mzee, wewe hunikatalii kitu," Mgeni alimwambia siku moja mlangoni, anatabasamu. "Chuoni walitutisha. Walisema watu wa makasha ni wakali."

"Ukali unaisha, binti."

"Basi nina bahati."

Seremala alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Amwambie nini? Kwamba si yeye anayekubaliwa? Binti alikuwa amesimama pale na furaha yake mpya kama kiatu kipya. Akamwacha aende.

Kisha duka lililowauzia king'ora, kile kidude cha mviringo kinacholia, likasema aina ile hailetwi tena. Kipya kilikuwa kinene zaidi kiunoni. Mgeni akakiweka kwenye bodi mahali pa kile cha zamani, akatuma. Kwa Seremala kivuli kikatokea chekundu badala ya rangi ya chungwa: king'ora kimeingia ndani ya nguzo ya nne ya kasha, ile inayoshika skrubu ya kona. Vitu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Waya anapendekeza badiliko.

Hili lilikuwa la kukataa. Hata mtoto angelikataa. Seremala alikaa mbele ya kivuli kile chekundu mpaka chai yake ikafanya utando. Kisha akabofya Kubali, akashika nguzo ya nne, akaichonga ubavu kama mtu anayekata mkate upande, mpaka king'ora kikapita. Nguzo ikabaki nusu mwezi. Nyekundu ikageuka kijani.

Programu haikudanganya. Iliulizwa kama vitu vinagusana, ikajibu havigusani. Haikuulizwa kama nguzo yenye nusu ya mwili inaweza kubeba skrubu. Hilo lilikuwa swali la Seremala, na Seremala hakujiuliza.

Michoro ikaenda kwa fundi wa kalibu, mtu wa kuchonga kwenye chuma lile umbo ambalo plastiki ya moto humiminwa ndani yake. Fundi akapiga simu.

"Mzee, hii nguzo ya pembeni umeichora hivi kweli, au faili imeharibika njiani?"

"Kweli."

"Nusu nguzo?"

"Nusu."

"Mimi nachonga ninachoambiwa. Nichonge?"

Dirishani nzi alikuwa akigonga kioo, anapumzika, anagonga tena.

"Chonga," alisema Seremala.

Makasha ya kwanza yalikuja kwenye boksi, meupe, laini, yana joto la gari. Meneja alikuja chumbani na Mgeni alikuja, hata mlinzi wa getini akachungulia. Seremala akaweka bodi ya Waya ndani. Ilikaa. Ilikaa vizuri kuliko bodi yoyote aliyowahi kuiweka, hakuna iliposuguana na ukuta, na Mgeni akapiga makofi. Mfuniko ukashuka bila kusukumwa. Skrubu ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu.

Ya nne ikasema tak.

Sauti ndogo, kama kucha inayovunjika. Kona ya mfuniko ikainuka.

"Chukua jingine," alisema Meneja.

Tak.

"Huenda unakaza sana. Mpe Mgeni."

Mgeni alikaza kwa vidole viwili tu, ameuma mdomo. Tak. Alichukua jingine kabla hajaambiwa, na jingine, na kila nguzo ya nne ilipasuka palepale, kwa sauti ileile. Mwisho Meneja akamshika mkono akamwambia inatosha.

Fundi wa kalibu alipoulizwa hakuwa na la kuwafariji. Kuondoa chuma kwenye kalibu ni rahisi. Lakini nguzo ikinenepeshwa king'ora kinakosa nafasi, na kuhamisha chochote ni kuziba tundu la zamani kwa kuchomelea, na kalibu iliyochomelewa hupasuka ikiwa kazini. Ukuta ule mwembamba, dari ile iliyokwanguliwa, nguzo zile zilizohamahama, vyote vilikuwa vimechongwa kwenye chuma. Inatakiwa nyingine kuanzia mwanzo. Hospitali ikasema wodi zinafunguliwa, wagonjwa wameshapangiwa vitanda. Ikachukua kengele za dukani, kubwa, za kusimama sakafuni.

Meneja aliwaita wote wawili kwenye meza yake. Hakupaza sauti.

"Mzee Seremala. Wewe si ndiye uliyekuwa ukimkatalia Waya mpaka vioo vinatikisika?"

"Ndiye."

"Sasa kwa huyu mtoto ilikuwaje?"

Seremala alitazama mbao za meza. Kulikuwa na duara la kikombe pale, la zamani, halifutiki.

"Nilidhani namsaidia," alisema.

Meneja alifikiri anamsema Mgeni. Mgeni naye alifikiri hivyo, akageuka kumtazama, na yale macho nyuma ya miwani Seremala hakuyasahau.

Walipotoka, binti alisimama katikati ya korido.

"Mzee, ile ya king'ora niliituma nikijua utaikataa. Nilikuwa na mchoro mwingine tayari, nimegeuza upande mzima wa bodi, king'ora kinakaa mbali na nguzo. Nilikuwa nangoja unikatalie niulete."

"Kwa nini hukuuleta?"

"Ulikubali." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi ingawa haikuwa chafu. "Siku zote unakubali. Nikasema labda najua kazi."

Alisubiri. Seremala alijua neno analosubiri, na lilikuwa neno la haki yake: kwamba bodi zake zilikuwa na makosa ya kawaida ya mtu mpya, na hakuna aliyemwonyesha hata moja. Akashindwa kulisema. Mwisho wa mwezi chumba cha umeme kilifungwa. Mgeni akaondoka na begi la mgongoni na kikombe chake, akamuaga mlinzi, hakuvuka korido.

Seremala hakufukuzwa. Meneja alisema mtu wa umri wake ataenda wapi. Akapewa kazi za kuchora visanduku vya sabuni na vifuniko vya swichi, vitu visivyo na bodi ndani. Leseni ya Waya ikafika mwisho wake. Asubuhi moja aliwasha kompyuta, feni ikakohoa, na juu ya skrini hapakuwa na mtu. Hakuna mapendekezo, iliandika programu. Akakaa vilevile mpaka saa ya chakula.

Jumapili alimwendea mjane wa Waya. Alimkuta anapiga pasi sebuleni, nguo za watoto zimepangwa kwenye mkono wa kochi. Alimkaribisha, akachomoa pasi, akakaa. Seremala akatoa mfukoni kasha moja lenye bodi ndani, lililopasuka kona, akaliweka mezani kati yao.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza mjane.

"Ndiyo hiyo, shemeji. Haitatengenezwa. Nimekuja nikwambie mwenyewe usije ukasikia barabarani."

"Imeshindikana wapi? Bodi yake ilikuwa na kasoro?"

"Hapana. Kasoro iko kwenye kasha. Ni mimi. Mapendekezo yalikuwa yanakuja kwa jina lake. Nikashindwa kumkatalia. Nilimkubalia kila kitu."

Mjane alimtazama kama mtu anayesikiliza maneno ya lugha anayoijua yakitamkwa vibaya.

"Wewe? Ulimkubalia?"

"Kila kitu."

"Shemeji, unajua siku uliyomkatalia alikuwa anarudije hapa? Mlango anaufungua kwa bega. Viatu hata havui. 'Yule Seremala yule!' Anakula anaongea na sahani, mara anaomba karatasi, mara anapata jibu, anacheka peke yake. Hizo ndizo siku alizolala usingizi mzuri. Ulipomkubalia upesi alikuwa haridhiki kabisa. Anasema, leo Seremala anaumwa, kesho nipite nimwone."

Seremala aliinamisha kichwa. Mabega yalianza kutikisika bila sauti, kilio ambacho hakikutoka makaburini sasa kimepata njia mahali pabaya, mbele ya mwanamke aliyestahili kukilia yeye. Mjane hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia yamepita.

Alilichukua lile kasha mezani. Akaligeuza, akaona pale mfuniko ulipoinuka, akauweka sawa kwa kidole gumba na kuubana kati ya viganja viwili mpaka ufa ukapotea. Alipolegeza, kona ikainuka. Akaubana tena, akabaki ameushika.

Chumba cha ndani watoto walikuwa wanagombea kitu.